Viatu Mlangoni pa Nyumba Isiyokuwepo

Kufikia Jumatano, wazee kumi na wawili kati ya kumi na saba walikuwa wamemharibia Tak Yeon-ju utafiti wake, na kila mmoja aliuharibu kwa adabu.

Kazi yenyewe haikuwa na fumbo. Katika maabara ya uhalisia pepe ya chuo chao, mjini Daejeon, mzee alivishwa miwani mizito ya kufunika macho, na viatu vya raba vyenye vihisi ili kamera za darini zifuate hatua zake. Ukumbi ulikuwa mtupu, isipokuwa jukwaa fupi la mbao katikati. Lakini ndani ya miwani mzee aliona nyumba ya kale ya kijijini: ua, mitungi ya kimchi, ile kabichi ya kuchachusha, baraza la mbao pale penye jukwaa, milango ya karatasi. Yeon-ju aliichora mwaka mzima, hata nyufa za mbao hakuziacha. Alitaka kujua kama mtu anaweza kuamini kweli kwamba yuko mahali asipokuwepo.

Wazee walivuka ua vizuri tu. Wakifika barazani wanainama, wanavua viatu, wanavipanga sambamba, wanapanda na soksi. Kwenye kompyuta, miguu ilibaki uani huku kichwa kikienda chumbani peke yake.

"Bibi, si nilikuomba usivue viatu?" Yeon-ju alimwuliza Bibi Gu Ok-bun, wa kumi na saba.

"Kwani nimevua?" Bibi alitazama soksi zake. "Ee, nimevua. Sasa mwanangu, ulitaka nikanyage mbao za watu na viatu? Wewe umelelewa wapi?"

"Hakuna mbao za watu, bibi. Ni picha."

"Najua ni picha. Mimi si mtoto."

Kwenye hojaji, palipoulizwa kama alijiona yumo ndani ya nyumba, bibi alitia alama: hapana kabisa.

Profesa Maeng, msimamizi wa Yeon-ju, alikuwa mtu asiyepindika. "Kihisi kikitoka mguuni, data inatupwa," alisema. "Kanuni uliiandika mwenyewe."

"Watabaki watano, Profesa. Tasnifu haisimami kwa watu watano."

"Basi anza upya."

Ni rahisi kusema anza upya ukiwa umekalia kiti cha profesa. Kuanzia Jumatatu ukumbi ulikuwa wa watu wa usanifu majengo, na muda wa Yeon-ju chuoni ulikuwa unaisha Februari. Miaka mitano ilikuwa inakwenda na maji. Aliogopa, na hofu ilimnyima hata hamu ya kula. Alikaa na kimbap yake kavu, wali uliozungushiwa mwani, mbele ya kompyuta, akatazama rekodi za wale kumi na wawili, hojaji zao zikiwa mapajani. Hapana. Hapana. Hapana kabisa. Na juu ya kila hapana, mtu ameinama anavua kiatu.

Akaiacha kimbap na kwenda kubisha hodi kwa profesa.

"Walioharibu ndio walioamini," alisema. "Mdomo umekana, miguu imekiri."

"Hayo ni mazoea ya wazee. Mkono unafanya, akili haimo."

"Labda, Profesa. Ila wakija ukumbini wanapita milango mitatu halisi, na hakuna aliyevua."

Profesa akasimama. "Nipe hiyo miwani. Mimi najua hakuna nyumba."

Ukumbini alifunga kamba za vile viatu vya raba mafundo mawili mawili, akamtazama mwanafunzi wake kama anayesema utaona. Akavuka ua kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli. Barazani akasimama. Yeon-ju alihesabu sekunde kumi na moja. Mkono wa kulia wa profesa ulishuka hadi gotini, ukasita, ukarudi juu. Kisha akapanda na viatu vyake, akatembea hatua mbili, vihisi vikisoma kila kitu bila kasoro.

Ndani ya kile chumba Yeon-ju hakuwa amechora mtu yeyote. Profesa aliinamisha kichwa kuelekea chumbani.

"Samahani," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeingia na viatu."

Yeon-ju hakucheka. Aliandika muda, saa nane na dakika arobaini, na kwenye safu ya washiriki akaandika: wa kumi na nane.