Uso Haukatwi

Mwanga uliingia studio bila hodi. Ukapita juu ya kochi, ukapanda ukutani, ukamkuta mwanamke mrefu amesimama juu ya karatasi nyeupe, amevaa gauni ambalo si lake. Vumbi lilielea mbele yake, jembamba, la dhahabu. Mgongoni, pale ambapo kamera haioni, gauni lilibanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo, ili mbele lionekane limeshonwa juu ya mwili wake.

Ndivyo picha za mitindo zilivyo, jamani. Mbele harusi, nyuma matanga.

Mpiga picha wanamwita Tulia, maana ndilo neno analomwambia kila anayeketi mbele ya kamera yake. Kazi yake ni picha za sura. Anakuketisha, anakuuliza habari za watoto, anakuuliza goti linaendeleaje, na wewe ukijisahau kidogo, ukirudi nyumbani ndani ya macho yako, hapo ndipo anapopiga. Shati lako analiona, ila halimshughulishi. Kwake nguo ni mgeni. Mwenyeji ni uso.

Mwenye duka aliyemkodi siku hiyo alikuwa na imani nyingine.

"Uso uondoke," alisema, mikono kiunoni. "Kata hapa, chini ya kidevu. Mteja anataka ajione yeye ndani ya gauni. Akikuta uso wa mtu mwingine, anaghairi."

Wala hakuwa mtu mbaya. Ndiyo biashara yake. Katika picha za mitindo mtu ni msumari, nguo ndiyo inayotundikwa.

Lakini mwanamke yule hakuwa msumari. Alikuwa mpiga pasi wa duka lile lile, aliyechaguliwa kwa sababu urefu wa gauni ulimfaa. Na alikuwa wifi yake Tulia. Kaka yake Tulia alimwacha, akaoa kwingine, na mama yao akachukua mkasi. Ile picha ya harusi ya sebuleni, aliyoipiga Tulia mwenyewe, mama aliikata, akamtoa mkwe, akamrudisha mwanawe ukutani peke yake. Ulibaki mkono tu, umelala begani mwa bwana harusi, mkono usio na mwenyewe. Kila mgeni aliuona, na hakuna aliyeuliza.

Ulimuuma Tulia, tena sana. Ndoa ilikufa, sawa, ndoa hufa. Uwifi haukufa. Nani aliuua? Nani alimshirikisha?

Mwenye duka alipotoka kupokea simu, wifi alisema taratibu, bila kugeuka, asije akaangusha vibanio.

"Wifi, nimesikia. Watanikata."

"Umesikia vibaya."

"Chini ya kidevu, amesema. Haidhuru. Mimi nimezoea."

Nimezoea. Neno hilo lilimpanda Tulia kichwani. Viatu ndivyo huzoewa, jiko la moshi huzoewa, lakini mtu aambiwe uso wako haupo, naye azoee? Ndoa ilikufa, uwifi haukufa. Akaenda nyuma ya gauni, akavitoa vibanio vyote, gauni likapumua. Akavuta meza, akavuta kiti.

"Kaa."

"Na gauni?"

"Litakaa na wewe."

Fahari ya gauni lile ilikuwa mikono yake: nakshi ya uzi mwekundu, kutoka kiwikoni hadi kwenye kiganja. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiuzwa. Tulia akamwambia wifi aweke viwiko mezani na shavu alilaze juu ya migongo ya viganja. Nakshi ikapanda, ikafuata taya, ikaishia karibu na sikio. Uso na uzi vikawa majirani wa ukuta mmoja, na ubomoe upande upi, wote wawili wanalala nje.

"Bado unaimba ukipiga pasi?"

"Naimba. Wateja wanalalamika."

"Wana haki. Sauti yako naijua."

Wifi akacheka, kicheko kikamwisha polepole, na macho yake yakarudi nyumbani. Yalirudi na yote: ndoa, mkasi, kazi ya kusimama kutwa, na ubishi wa mtu ambaye bado yupo.

"Tulia," akasema Tulia, akapiga.

Mwenye duka alihangaika na picha ile kwenye kompyuta. Akikata hapa, nakshi inakwenda. Akikata pale, mkono unakwenda. Akikata juu kidogo, inabaki midomo ya mtu, na midomo mitupu inatisha wateja.

"Umefanya makusudi."

"Makusudi kabisa. Ukiitaka nakshi, ichukue na mwenyewe. Umeniita mimi, na mimi napiga watu."

Picha ya bango la duka ilikuwa inasubiriwa kiwandani, ichapwe siku hiyo hiyo. Mwenye duka alisonya, akaitazama picha tena, akaitazama zaidi ya alivyokusudia, akaituma.

Bango lilipopandishwa mbele ya duka, Tulia alimchukua mama yake, akamwambia wanakwenda kununua uzi. Jua la asubuhi lilikuwa linampiga wifi usoni kule juu, uso mkubwa kuliko mlango, naye hakufumba jicho. Mama alisimama. Akaukumbatia mkoba wake.

"Mwanangu, unanifanyia nini?"

"Nakuonyesha picha, mama. Hii ni nzima."

Mwanamke mmoja mpita njia, mtoto mgongoni, alikuwa naye amesimama anatazama. Hakuuliza bei ya gauni.

"Huyu dada ni nani?" aliuliza.

Tulia alimtazama mama. Akampa nafasi. Mama alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ni wifi yangu," Tulia akasema, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. "Na huyu hapa ndiye mama mkwe wake."

Mwanamke akageuka, akaishika mikono ya mama yote miwili.

"Hongera, mama. Hapo umepata mkwe."

Watu walikuwa wamegeuka, wanamsubiri mama.

"Asante," akasema. "Asante, mwanangu."