Figili za Kumngojea Mwenyewe

Fundi mwashi yule alikuwa amejenga nyumba za watu hadi akazeeka, lakini kisu cha jikoni kilimshinda. Vipande vya figili vilitoka vingine vinene kama matofali, vingine vyembamba kama karatasi.

"Mpishi," mkewe aliita kutoka kwenye kiti cha dirishani, "hizo unazikata au unazionea?"

Mzee alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Tangu maradhi ya kusahau yamwingie mkewe, yeye machoni pake hakuwa mume tena. Akivaa aproni, basi ni mpishi.

Tangu jana mkewe hakuwa ametia kitu kinywani. Uji alikataa, mkate alikataa. Binti yao alikuwa amepiga simu asubuhi: "Baba, asipokula leo, daktari anamrudisha wodini awekewe mpira wa kulishia." Ikabaki figili tu. Hizo hakuwahi kuzikataa. Miaka yote alizitengeneza mwenyewe, mumewe akila bila hata kuuliza zinatengenezwaje.

"Nyunyiza chumvi uziache zitoe maji," mkewe aliagiza. Hilo hakulisahau. Baadaye akasema, "Zisuuze. Sasa kamua. Taratibu, bwana! Unafua shuka?"

Mzee alikamua taratibu, huku akiomba kimoyomoyo: Mungu wangu, sikuombi makubwa. Vijiko viwili vitatu tu.

Alikamulia ndimu, akatia tone la mafuta na majani ya giligilani. Harufu ikafika dirishani. Mkewe aliinua uso.

"Leo umepatia."

Moyo wa mzee uliruka. Akampelekea sahani na kijiko.

"Weka mezani, ufunike. Mume wangu hajarudi kutoka kazini."

"Onja kidogo tu, mama. Hatakasirika."

"Nani kasema habari ya kukasirika? Mtu anashinda juani siku nzima. Akila peke yake, chakula hakimshuki. Hasemi, lakini mimi namjua."

Ilikuwa kweli. Mzee hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo.

"Mke wangu," alisema kwa sauti ya chini, "ni mimi."

Mama alimtazama kwa huruma. "Mpishi, utani una mipaka yake. Mume wangu bado kijana."

Mzee alivua aproni. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akavaa shati lake la zamani la kazini lenye madoa ya saruji, akazunguka hadi mlango wa mbele. Akasimama kidogo, macho amefumba, midomo ikicheza. Kisha akabisha.

"Hodi!"

"Karibu. Mwenyewe hayupo, ila hakawii." Mama alitazama lile shati. "Pole na kazi, baba. Kaa. Mgeni hakai na njaa nyumbani kwangu."

Akafunua sahani, akaisukuma mbele yake.

"Tule wote basi," mzee alisihi.

"Wewe kula. Mimi namngojea mtu."

Akala. Figili zilikuwa tamu, chumvi imekolea sawasawa, na kila kijiko alikisindikiza kwa sala. Alipoacha kijiko, mama alihimiza, "Ongeza, usione haya." Sala ilimwishia maneno, likabaki jina la Mungu peke yake. Sahani ikabaki tupu.

"Mpishi!" mama aliita kuelekea jikoni, ambako hapakuwa na mtu. "Kata nyingine! Mume wangu atafika sasa hivi."