Atakayeshika Kisu

Kagwiria alikuwa amepiga magoti kando ya sufuria kubwa, mkono umezama ndani hadi begani, akisugua ukoko kwa majivu na kipande cha gunia. Velma, mwenzake wa kazi, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, akipangusa sahani za stili na kuzipanga moja juu ya nyingine.

"Si umwachie mtu mwingine," Velma alisema. "Mfiwa haoshi sufuria."

"Nikikaa bure nitafikiria."

Velma alichukua sahani nyingine. Wawili hao ndio walioitwa mjini Isiolo kila mtu alipotaka arusi, harambee au mazishi yasiyoacha uwanja umejaa takataka. Hawakubali sahani za plastiki wala maji ya chupa. Wageni hunywa kwa vikombe vya bati. Chakula kinachobaki hupelekwa kingali moto kwa wazee wasio na mtu wa kuwapikia. Na hupika sufuria moja. Mmeru aliyeshuka kutoka milimani na Mborana Mwislamu wa mlango wa pili huchotewa nyama ileile, na kwa ajili hiyo mnyama huchinjwa na Mwislamu. Kwa miaka mingi aliyeshika kisu alikuwa Mohamedamin, ambaye pia ndiye aliyeendesha pikapu yao.

Mazishi ya kesho yalikuwa ya Muthomi, mume wa Kagwiria. Alikuwa ameketi kando ya Mohamedamin pikapu ilipopinduka.

Mungania, kaka mkubwa wa marehemu, mkulima wa miraa kutoka Maua, aliingia uani akitoka kumfunga fahali wa kuchinjwa kesho kwenye uzio. Alikuwa amemleta mwenyewe kwa lori.

"Shemeji, huyo dereva asikanyage hapa kesho."

"Nani atachinja?"

"Isiolo imejaa Waislamu! Toka hapo nje upige mluzi, watakuja wengi mpaka uwafukuze. Kwani kisu kinajua kimeshikwa na nani?"

"Majirani watajua."

Na ni kweli wangejua. Tangu ajali, mtaa wao mzima wa Wabera ulikuwa umenyamaza, ukingoja. Kisu kikishikwa na mtu mwingine, itakuwa ni kama mjane amekwisha kutoa hukumu yake mbele ya watu. Hakuna atakayempa Mohamedamin gari tena, wala mnyama wa kuchinja, na watoto wake watanyooshewa vidole njiani.

"Na wajue," Mungania alisema. "Alipakia hiyo gari kama mtu anayehama nchi. Hema, viti, tangi la maji, vyote mara moja. Kwa mteremko kama ule! Tamaa tu, ili asirudi mara ya pili."

Mkono wa Kagwiria ulisimama ndani ya sufuria. Velma aliinama zaidi juu ya sahani zake.

Haikuwa tamaa. Ilikuwa amri ya Kagwiria. Alipenda kuwaambia wateja kwamba vyombo vyake vyote huenda na kurudi kwa safari moja, kwa sababu kila safari iliyopunguzwa ni moshi uliopungua, nao walimsifu. Siku ile, arusi ya Timau ilipokwisha, Mohamedamin alimpigia simu nyumbani, akimwita kwa jina la binti yake kama kawaida. "Mama Kinanu, gari imelemewa. Niache viti hapa, nivirudie kesho." Naye akamjibu, "Safari moja, Mohamedamin. Wewe teremka pole pole tu." Breki zilikataa kwenye mteremko wa Subuiga.

Maneno yale hakuwa amemwambia mtu. Kila siku alingoja yatoke kwa mdomo wa Mohamedamin, yamfikie mlangoni. Hayakuja.

Alisuuza mikono, akajifunga leso vizuri, akatoka bila kuaga.

Mohamedamin alikuwa ameketi kwenye mkeka nje ya nyumba yake, upande wa nyuma wa msikiti, bandeji kichwani. Alipomwona aliinuka upesi mno, akashika ukuta.

"Salaam aleikum," Kagwiria alisema.

"Aleikum salaam, mama Kinanu. Keti. Keti hapa kwenye kivuli."

Mkewe alileta chai, akampa Kagwiria pole kwa mikono miwili, akarudi ndani.

"Polisi walikuuliza nini?" Kagwiria alianza.

"Waliuliza kama nilikuwa nimekula miraa. Nikawaambia, na meno gani?" Alionyesha mapengo yake, akitabasamu kidogo.

"Na mzigo?"

"Waliuliza nani alipakia. Nikasema mimi. Si ni mimi nilifunga kamba?"

"Ulinipigia simu."

"Hiyo ilikuwa simu yetu."

"Mohamedamin."

"Kinanu amempoteza baba," alisema kwa sauti ya chini. "Nimpe tena sababu ya kumpoteza mama?"

Kagwiria alitazama chai yake ikishika utando. Alikuwa amekuja tayari kwa lawama. Angeibeba. Hii haikuwa lawama.

"Kesho nataka uchinje," alisema mwishowe.

"Watu wenu wa Maua watakubali?"

"Nitaongea nao."

"Lakini ile simu usiitaje."

Kagwiria aliweka kikombe chini. Mohamedamin aliokota kijiti, akakivunja vipande vidogo vidogo.

"Muthomi ndiye alikuwa ananishikia ng'ombe miguu. Kila mara ananiambia, maliza haraka, mimi roho yangu ni ndogo. Ameshika miguu, uso ameugeuza huko!" Alicheka, na katikati kicheko kikamkatika. Alijifunika uso kwa ncha ya kikoi. Baadaye alisema, "Nitakuja baada ya sala ya alfajiri. Mkono ukikataa, mama Kinanu, usinilaumu."

Kagwiria aliporudi nyumbani alimkuta Mungania karibu na fahali, akimmwagia maji kwenye beseni. Kagwiria hakungoja moyo wake utulie. Alijua ukitulia hatasema.

"Shemeji, Mohamedamin alitaka kuviacha viti Timau. Alinipigia akaniomba. Ni mimi niliyekataa."

Mungania aliendelea kumwaga hadi beseni likafurika na maji yakamlowesha viatu.

"Kwa nini unaniambia?" aliuliza. "Ningemzika ndugu yangu nikiwa na mtu mmoja wa kumchukia. Sasa nimchukie nani?"

"Nichukie mimi."

"Wewe ni mke wa Muthomi," alisema, kama mtu anayelalamika. Aliweka ndoo chini. "Na kesho atachinja nani?"

"Mohamedamin."

"Basi nipikie kando."

"Sitapika kando, shemeji. Sufuria ni moja."

"Basi sitakula."

"Nitakuwekea sahani."

"Nimesema sitakula, mama Kinanu." Sauti yake haikuwa na hasira tena, ilikuwa imechoka. Alikwenda hadi langoni, akasimama hapo, mgongo umeelekea nyumba. Wazee wenzake kutoka Maua walikuwa wamekaa ng'ambo ya barabara. Baada ya muda alivuka akaenda kukaa nao.

Kagwiria aliketi karibu na Velma, aliyekuwa ameanza kuchambua mchele. Alivuta ungo wa pili. Walichambua, jua likishuka nyuma ya mabati ya maduka. Mara kwa mara aliinua macho kutazama wale wazee. Mungania alikuwa akiongea sasa, na wengine wamemwinamia.

"Mawe hayaonekani tena," Velma alisema. "Tutawavunja watu meno. Tuache, tumalizie asubuhi."

Zaidi ya nusu ya gunia ilikuwa bado.

"Kinanu yuko wapi?" Kagwiria aliuliza.

"Ndani. Anapiga pasi shati ambalo baba yake atavikwa."

Ng'ambo ya barabara mzee mmoja alikuwa amesimama, akiitazama nyumba. Kagwiria alifunika mchele uliokuwa tayari, akafunga mdomo wa gunia, akakung'uta pumba kwenye leso. Kisha akaingia ndani kwa binti yake kumwambia habari ya ile simu, kabla mtu mwingine hajafika kumwambia.