Mkia wa Kingereza

Hélène alifungua fundo la kikwembe, akatoa karatasi na kuiweka juu ya meza ya mwalimu Sébastien. Alitoka kambi ya waliokimbia vita kwa mguu, mvua ikimpiga mpaka mtaa wa Nyakasanza, na tangu jana hakuwa ametia kitu mdomoni isipokuwa chai kavu.

"Mwalimu, unisomee. Muzungu wa ofisi alinipa hii. Kazi nimepata?"

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupangusa sakafu kwenye ofisi ya misaada. Kupangusa tu! Lakini mkubwa wa pale hakujua Kiswahili wala Kifaransa, basi hata ufagio ulipaswa kusema Kingereza. Ndiyo maana Hélène alikaa miezi minne kwenye benchi la kapela hii, kanisa dogo alimofundisha Sébastien, akikunja ulimi kwa Kingereza pamoja na wenzake.

Sébastien alisoma mara moja. Akasoma tena.

"Ulimwambia nini?"

"Aliniuliza mambo ya Fataki, siku kijiji chetu kilishambuliwa. Nikajibu vile ulitufundisha." Akajiweka sawa, akatamka polepole kwa majivuno: "*I assisted the attack*."

Ni Sébastien mwenyewe aliyewafundisha. Alisimama mbele ya ubao akijigamba: ukikosa neno la Kingereza, kamata la Kifaransa, ulichonge mkia. *Assister*, *assist*. Kwa Kifaransa ni kuwapo, kuona kwa macho. Kwa Kingereza, Mungu wangu, ni kusaidia! Mama huyu, aliyeona mume wake akikatwa mapanga mlangoni, alikuwa amemwambia mzungu kwamba aliwasaidia wauaji. Na karatasi iliandika hivyo hivyo: amekiri mwenyewe.

"Kazi hakuna," alisema. "Na karte yako ya chakula wameifunga."

"Juu ya nini?"

Angesema: Mama, ni miye nilikosa. Maneno mepesi tu. Lakini Jumatatu yeye mwenyewe alikuwa na mtihani wa ukalimani kwenye ofisi ile ile, na wangemtaka nani, mkalimani wa namna hii? Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alijichukia.

"Hawakueleza," alidanganya.

Hélène alitazama mikono yake. "Haizuru. Tutakula ya mutoto wangu Jemima. Yake haijafungwa?"

"Ya Jemima bado iko. Huku nyuma ya karatasi kuna fomu ya kulalamika. Tujaze, pengine watakusikiliza."

Wakajaza jina, kijiji, mwaka aliokimbia. Kwenye mstari wa mwisho kidole cha Hélène kilisimama, uso ukachangamka.

"Hii neno naijua! *Who else assisted?* Wanauliza nani mwengine aliona, si ndiyo?"

Waliuliza nani mwengine alisaidia kuua. Sébastien alifungua mdomo. Kumzuia kulihitaji kumweleza lile neno, na kulieleza kulihitaji kusema nani alilifundisha.

"Mwalimu?"

"Ndiyo," alisema. Sauti yake haikumfikia hata yeye mwenyewe.

"Basi niandike Jemima. Tulikuwa naye chini ya kitanda, aliona yote. Wakisikia hata mutoto anashuhudia, wataamini." Alishika kalamu, akainua macho. "Herufi ya kwanza, kwa Kingereza wanaiita *ji*?"

"Hapana, hiyo ni Kifaransa," mwalimu alimsahihisha. "Sema *jei*."

"*Jei*," Hélène alirudilia, akaanza kuandika.