Imewaka Tangu Jumanne, Saa Tatu na Dakika Ishirini

Jumanne ya siku ya thelathini, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Marieta alisimama nje ya dirisha la ofisi ya ardhi na karatasi mkononi. Ndani hakuingia. Alikuwa amemzika mume wake, Yohanes, wiki sita nyuma, na siku za kujitenga zilikuwa hazijaisha. Kwao mfiwa haingii nyumba ya mtu wala hashiki mkono wa mtu mpaka atolewe msibani. Kila mtu wa kata yetu ya Daudi anajua hivyo. Karani Bonaventura alizaliwa Daudi, akanyonya Daudi, kwa hiyo alijua.

Karatasi ilikuwa ya pingamizi. Shemeji yake, Xavery, alikuwa ameuza shamba la vitunguu saumu la marehemu kwa tajiri mmoja wa mjini, kaburi la marehemu likiwa humo humo ndani. Tangazo lilitoa siku thelathini za kupinga.

"Shikamoo, mama," alisema Bonaventura.

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta pingamizi."

"Pole sana na msiba. Ila kompyuta imezima, mama. Haipokei kitu."

"Leo ndiyo siku ya mwisho."

"Usiwe na wasiwasi. Si nimekuona? Njoo kesho."

Kompyuta ilikuwa inawaka. Bonaventura alikuwa anacheza karata humo. Kondoo wa yule tajiri alikuwa ameshaliwa Jumapili, nyumbani kwa karani, na supu ilikuwa nzuri.

Jioni alibonyeza kitufe cha kuzima, mashine ikakataa. Akachomoa waya ukutani, ikaendelea kuwaka. Akaufungia waya kwenye droo akaenda zake nyumbani. Kwenye kona ya kioo kulikuwa na programu ya kuhesabu muda ambao kompyuta imewaka. Makao makuu waliiweka ili makarani wasizime mashine wakaenda mnadani. Iliandika: Imewaka tangu Jumanne, saa 3:20 asubuhi. Bonaventura alikuwa ameiwasha saa mbili, lakini programu haikuijali hiyo saa mbili.

Mwezi uliofuata umeme ulikatika siku nne. Watu walileta simu wakazichaji kwenye kompyuta. Baridi ya Daudi mnaijua, basi wazee nao waliisogelea wakaota. Agatha, mfagizi wa ofisi, aliifumia kitambaa cha kuikinga na vumbi. Hakuna aliyeuliza swali.

Siku ya shauri Marieta alikuwa ameshatolewa msibani, akaingia ndani. Mwenyekiti wa baraza la ardhi alimtaka karani aeleze.

"Mheshimiwa, siku ya thelathini kompyuta ilikuwa imezima," alisema Bonaventura, "na mama huyu hakufika. Daftari la wageni halina jina lake."

"Ningesaini vipi daftari nikiwa nje?" Marieta alisimama. "Bonaventura, wewe ni mtoto wa hapa! Unajua kwa nini sikuingia. Ulisema umeniona! Na mashine hiyo hapo, isomeni!"

Mwenyekiti alivaa miwani akaisoma kona ya kioo kwa sauti, mpaka dakika.

"Ni kweli, imewaka tangu siku hiyo, saa hiyo," alisema. "Lakini programu haijala kiapo. Pingamizi limechelewa."

Akapiga muhuri. Jamani, tumefundishwa mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Pale ofisini walifanya nusu ya kwanza, wakaenda kunywa chai.

Baadaye makao makuu walimtuma Musa, fundi wa kompyuta kutoka Mbulu mjini, kwa sababu hakuna ofisi yao nyingine iliyowahi kufikisha siku nyingi hivyo. Musa aliuona waya kwenye droo, akaigeuza mashine chini juu, akairudisha. Aliandika kwamba ni nzima kabisa, haina tatizo.

Kikaja cheti cha pongezi. Kinasema kwamba kwa uangalizi wa ndugu Bonaventura, kompyuta haijazimika hata dakika moja tangu Jumanne ile. Mwenyekiti alikigonga muhuri kwa mkono wake, muhuri ule ule wa hukumu, kisha kikatundikwa ukutani juu ya mashine. Watu walipiga makofi.

Leo ni Jumanne tena, siku ya mia nne na kumi na tatu. Tajiri amezungusha seng'enge na kuweka mlinzi, na Marieta akitaka kung'oa magugu kwenye kaburi la mume wake lazima akaombe afunguliwe geti. Njia inapita hapo ofisini. Amesimama nje ya dirisha kama siku ile, ameisoma namba.

"Shikamoo, mama," amesema Bonaventura.

Marieta amemtazama, akashika njia. Bonaventura ameirudia shikamoo yake mara ya pili, na ya tatu, kwa sauti, na Daudi nzima imesikia kwamba haikuitikiwa. Kisha ameketi, ameendelea na karata zake.