Kitabu cha Mikono Miwili

…na wakikichukua kile chembamba basi hakuna neno, anawaza Mama Jalada, kurasa mia na arobaini tu, kurasa kumi kila siku ya mashine, wiki tano hazitatimia watakuwa wamekifunga, wote watatu, kila mtu atausikia mwisho kwa masikio yake, na Mwalimu bado anamtazama kutoka kiti cha mlangoni, kitabu kimesimama kifuani pake kama cheti, "Haya mama, kura yangu chembamba, kura ya Dereva kinene, mwamuzi ni wewe," na mashine ya kusafisha damu kando yake imeandika saa tatu na dakika arobaini na moja, ndizo zilizobaki, damu inatoka nyekundu na kurudi nyekundu, asiyejua angesema hakuna kilichosafishwa humo ndani, na mkono wake wa kushoto umelazwa juu ya mto na sindano zake mbili, mkono usiokunjwa, usiokunwa, usioruhusiwa hata kumfukuza nzi, umekuwa kama mgeni wa heshima, ukae tu uangaliwe, kazi zote afanye mwenzake… "Usimharakishe shangazi," anasema Dereva kutoka kiti cha pili, yeye aliyeendesha malori hadi figo zikamshusha njiani, "kuchagua kitabu si kuchagua nyanya," "Nyanya tumekatazwa," Mwalimu anajibu bila kucheka, na Dereva anacheka peke yake mpaka mashine yake inalalamika, tii, tii, tii, na Sista anakuja na viatu vyake vya mpira kuinyamazisha, "Nyie na vitabu vyenu, mtanitoa roho," vitabu vyetu, Sista, vitabu vya mbali, hivyo ndivyo Rubani alivyoviita, aliyekaa kile kiti cha nne, cha dirishani, na sheria ilikuwa yake, kwamba watu wanaokuja kufungwa hapa saa nne nzima, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, hawawezi kusoma habari za mtu aliyelala kitandani na jamaa zake wakilia, kisomwe cha mbali au kisisomwe kabisa, sayari zenye majua mawili, falme ambazo haziko kwenye ramani ya Mwalimu, mashine zinazoota ndoto, farasi wenye madeni na majoka, chochote, ili mradi hakuna hospitali ndani yake, na hakuwa rubani hata kidogo, alikuwa fundi wa lifti, "nimesafiri miaka thelathini, Fundi, juu na chini, juu na chini, sijafika popote," Fundi, alimwita hivyo, hakumwita Mama Jalada kama wengine, kwa sababu alisema fundi humjua fundi, na yeye alikuwa amekaa miaka thelathini na mmoja kwenye chumba cha kujalidi cha kiwanda cha uchapaji, kushona kurasa, kupaka gundi, kuvisha jalada, kukandamiza, kesho tena, kushona, kupaka, kuvisha… lakini hayo si swali, swali ni chembamba au kinene, na chembamba kina watu walioko mwezini wanaopimiwa maji kwa kijiko, Mwalimu amekipenda kwa sababu kina takwimu, na Dereva amekipinga kwa sababu hiyo hiyo, "Maji ya kijiko? Hayo si ndiyo maisha yangu nyumbani? Nipelekwe mwezini nikaone nini?" na kinene kiko hapa, kwenye meza ya Mama Jalada, kando ya mkono wake ulio huru, kurasa mia nane na sitini, nchi ambayo milima huhama na msichana mchora ramani anautafuta ule mlima mmoja ambao nyumba ya kwao ilikuwa juu yake, hicho ndicho alichokitaka Rubani, alikitaka kama mtoto anavyotaka kiatu kilicho dirishani mwa duka, na mimi ndiye niliyekataa, anajiambia, mimi, kwa mdomo huu… "Mama, toka Ijumaa umekunywa maji kiasi gani?" Sista anauliza, kalamu juu ya karatasi, "Vikombe viwili kwa siku," na Sista anaandika huku akijua, mizani ilikwisha kusema ukweli asubuhi, na vikombe viwili ndivyo alivyomdanganya Rubani pia, kila Jumapili jioni, simu ya dakika tatu, "Fundi, umekunywa kiasi gani?" "Viwili," "Muongo wee, mimi mwenyewe nimekunywa vinne," na kicheko, na usiku mwema, dakika tatu tu, lakini kati ya Ijumaa mchana na Jumatatu asubuhi hizo ndizo dakika tatu ambazo sauti yake yeye ilikuwa inatoka mdomoni na kumfikia mtu, mwanawe yuko mbali, hutuma ujumbe wa sauti, mama habari, mama nitapiga, naye huusikiliza mara mbili na hajui aujibu kwa habari gani, ameanza kusema na birika, Jumapili iliyopita aliliambia birika "samahani" kwa kuligonga kwenye sinki… na ile Jumapili simu haikuita, akadhani kanuna, walikuwa wamegombana Ijumaa, akasema na anune, akanywa kikombe cha tatu kwa hasira, na Jumatatu akaja na maneno yake ameyapanga vizuri, wewe mzee mzima, kitabu ndicho cha kununiana, akafika mlangoni akaona shuka la kiti cha dirishani limekunjwa mara nne, na Sista akamshika bega… walimzika Jumatano, saa nne asubuhi, na Jumatano saa nne asubuhi wote watatu walikuwa hapa, wamefungwa, sindano mikononi, haikuwezekana kuhamisha siku, foleni ya mashine ni ndefu, kwa hiyo walimzika kutokea hapa, wakitazama dari, Mwalimu kavua miwani, na yeye akisikia mshipa wa mkono wake, ule ulioandaliwa kwa ajili ya mashine, ukinguruma chini ya ngozi kama paka asiyejua msiba… na hakumpa mkono wa kuagana, ndiyo, lakini ni lini waliwahi kupeana mkono, miaka miwili bega kwa bega na mashine katikati, wa kulia wake yeye uko huru lakini wa kulia wa Rubani ndio uliofungwa, wa kushoto wa Rubani uko huru lakini wa kushoto wake yeye ndio uliofungwa, siku zote hivyo, siku zote mmoja wao ana sindano… "Nimeuliza, mama," anasema Mwalimu, kwa upole sasa, "hata ukisema tusisome tena, sema," na hilo nalo linawezekana, kumbe, kutosoma tena, kulala macho wazi saa nne na kusikia tii, tii, na kwenda nyumbani kwa birika, hapana, hapana Mwalimu, ngoja kwanza… ile Ijumaa, tatizo lilikuwa mikono, kitabu cha kurasa mia nane na sitini hakishikiki kwa mkono mmoja, hakifunguki, hakigeuziki ukurasa, Dereva alijaribu kukilaza juu ya kitambi kikateleza kikavuta mpira wa damu, mashine zote zikapiga kelele kama kuku walioona kicheche, Sista akaja mbio, akasema kitabu hiki kisimguse mtu mwenye sindano tena, nimeapa, na hapo Rubani akatoa wembe mfukoni, kwenye karatasi yake, mpya, "Tukikate mgongo, Fundi, vipande vinne, kila mtu ashike chake kwa mkono mmoja, wewe utatuonyesha pa kukatia," na yeye ndani yake miaka thelathini na mmoja ikasimama wima, gundi, uzi, sindano, mashine ya kukandamiza, vyote vikasimama, akasema, "Kata mkono wangu kwanza," hivyo, mbele ya wote, na Rubani akaufunga wembe kwenye karatasi yake polepole akaurudisha mfukoni, na hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho aliyomwambia mtu yule, kata mkono wangu kwanza… na wiki iliyopita binti wa Rubani akaja na mfuko, "Mama, baba alisema hiki ni mali ya huku," na alipokitoa mfukoni nyumbani, peke yake, chini ya taa, akaona alama za penseli kwenye ukingo wa kurasa zilizofungwa, tatu, nyembamba, zimepimwa kwa rula, hapa, hapa na hapa, alikaa nacho Jumamosi nzima, mtu mwenye wembe na rula na hamu, akapima, akatia alama, na hakukata, alikuwa anasubiri ruhusa… sasa kata basi, anajiambia, si ndivyo alivyotaka, mwambie Sista alete wembe, kata pale penye alama, vipande vinne, lakini vinne vya nani, wao ni watatu, cha nne kiende wapi, kiwekwe dirishani kwenye kiti cha… na hapo anakumbuka, kwa ile chuki ndogo aliyoizoea, kwamba kiti hicho kina mtu, kimepata mtu wiki mbili sasa, yule, mwanamke wa makamo, msusi, ndivyo Sista alivyosema, amekaa pale kiti kikiwa bado na umbo la mwenyewe, kageukia dirisha, analia bila sauti, na Mama Jalada hajawahi kumtazama usoni, siku sita za mashine, hajamsalimu, yeye aliyefundishwa kusalimu hata mlango, anachokijua cha huyo mwanamke ni vidole tu, kwa sababu vidole vinaonekana hata usipotaka, vinasuka nyuzi za pindo la mtandio, tatu, tatu, tatu, mpaka mwisho, halafu vinafumua, halafu vinasuka, mkono huu na mkono huu… mkono huu na mkono huu, mikono miwili, na Mama Jalada ananyanyua kichwa kidogo kutoka kwenye mto, kwa sababu humu ndani hakuna mtu mwenye mikono miwili, ila mgeni, mgeni mshipa wake wa mkononi bado haujaandaliwa, mgeni hufungwa kwa mpira wa shingoni, plasta kubwa nyeupe hapa kwenye kola, na mikono yote miwili inabaki bure mapajani, haijui iende wapi, anaijua hiyo, anaijua hiyo mikono, yeye mwenyewe siku yake ya kwanza alikuwa na mpira shingoni na mikono miwili bure, kageukia ukuta, analia kwa sauti hasa, wala hakujificha, na kutoka kiti cha dirishani sauti ya mwanamume ikasema, "Mama, samahani, mikono yangu imefungwa, hebu nishikie hiki kitabu unisomee kidogo," na alikasirika, kasikia raha gani mtu huyu ya kunisumbua, lakini akakishika, kwa sababu mtu akikupa kitabu wewe wa jalada mikono inapokea yenyewe, akasoma ukurasa, sauti ikikatika katika, kulikuwa na nyota ndani yake na mtu anayezihesabu, akasoma wa pili, na alipofika wa tano machozi yalikuwa yamekauka yakimvuta ngozi ya shavu, na Mwalimu kule mlangoni akasema "Paza sauti, huku hatusikii," na ndivyo kilivyoanza, chote, miaka miwili, vitabu kumi na tisa, sayari na falme zote zile… na kitabu kile, anakiona sasa, kile cha kwanza kabisa, anakiona rangi yake na kona yake iliyokunjika, kilikuwa na kurasa tisini, labda mia, chepesi kama daftari la mtoto, na mkono mmoja wa Rubani haukuwa umefungwa, ulikuwa pale pale juu ya shuka, mzima, mkono wa fundi wa lifti, ungeweza kukishika kitabu kile kwa vidole viwili… hakuhitaji mikono yangu, anawaza Mama Jalada, miaka yote hii nimedhani alihitaji mikono yangu… na kitu kinashuka kifuani kama lifti, polepole, juu na chini, kinafika mahali, na mlango wake unafunguka, mia nane na sitini, kurasa kumi kwa siku, hiyo ni karibu miezi saba, nani atakuwepo, hajui, hata Sista hajui, mshipa wa huyu utakuwa tayari na mkono wake nao utafungwa kabla ya katikati ya kitabu, na hapo itabidi aje mgeni mwingine mwenye mikono miwili, na atakuja, hapa hawaishi kuja, na huyo naye atalia akigeukia dirisha, na mtu atahitajika wa kumsumbua… "Mama Jalada," anasema Mwalimu, "umelala?" na kitabu chembamba bado kimesimama kifuani pake, na Dereva bado ameinua mkono wake mmoja hewani kwa ajili ya kinene kama mwanafunzi aliyesahauliwa na mwalimu, na mashine inasoma saa tatu na dakika thelathini na saba, na mkono wa kulia wa Mama Jalada uko juu ya jalada lile nene, kidole gumba kimeigusa alama ya kwanza ya penseli, na anageuza shingo kwenye mto, upande wa dirisha, upande ambao hajaugeukia tangu shuka likunjwe, na anauona uso kwa mara ya kwanza, macho mekundu, kovu dogo kwenye nyusi, uso wa mtu tu, na anasema, kwa sauti inayokwaruza kwa kukaa siku nyingi bila kazi, "Dada, samahani, sisi huku tumefungwa mikono, na hiki kitabu ni kizito… hebu tushikie."