Chembe za Njano Kwenye Oili

Injini ilipoletwa imefungwa mbao na nailoni, Nahodha hakukubali mtu mwingine aikate ile nailoni. Aliikata mwenyewe, taratibu, kama anayemvua nguo mtoto aliyelala. Ndani ilikuwa ya buluu, inanukia rangi, na kwenye boliti za chini, pale sampo, lile bakuli la oili, inaposhikana na mwili wa injini, muuzaji alikuwa ametia matone ya lakiri nyekundu. Mtu wake alituonyesha kwa kidole. Lakiri ile ikivunjwa na mkono usio wa kwao, garantii imekufa.

"Hata nzi akitua hapo, mtuite kwanza," alisema.

"Nzi wa hapa tunawajua kwa majina," Nahodha akamjibu, tukacheka sote.

Nahodha ni mwanangu wa kwanza, na Fundi ni kitinda mimba. Baba yao aliwaachia boti moja ya kuvusha abiria. Moja, si mbili, na mimi naamini alijua anachokifanya: mmoja ashike usukani, mwingine ashike spana, wasiweze kuachana hata wakitaka. Walikuwa wakigombana, ndiyo. Lakini waligombana uani kwangu, wakala uani kwangu, na mimi dua yangu ilikuwa hiyo tu, nife waking'ali wanapigiana kelele nikiwasikia.

Fundi aliifunga injini vizuri. Ikavusha watu, haikukohoa. Ukafika wakati wa kumwaga oili ya kwanza, maana injini mpya ni kama kiatu kipya, lazima vyuma vyake visuguane kidogo mpaka vizoeane, na oili ndiyo inayobeba ule unga. Wakaivuta boti nchi kavu, nyuma ya banda la Fundi, hatua chache kutoka pale ninapokaa kuchambua maharage.

Fundi aliingiza mpira kwenye tundu la kijiti cha kupimia, akavuta oili kwa pampu ya mkono ikamiminikia kwenye beseni lake jeupe la bati, lile lililomomonyoka rangi kitakoni. Akafungua na filta, akaitumbukiza humo humo ijichuje. Jua lilikuwa limeingia uani. Oili ikazunguka beseni, na ilivyozunguka ikametameta.

Nahodha alikuwa ameegemea ubavu wa boti. "Hiyo nini?"

"Ngoja."

"Nakuuliza hiyo nini, dogo."

Fundi alichovya kidole, akasugua na kidole gumba. Akaniomba kitambaa cheupe, nikampa kipande cha foronya kuukuu. Akamwagia oili kidogo, ikanywewa na kitambaa, juu zikabaki chembe. Akachukua sumaku aliyoing'oa kwenye redio mbovu, akaifunga nailoni, akaipitisha juu yake polepole. Ukanata unga wa kijivu, laini kama masizi.

"Huu si ugonjwa," alisema. "Huu ni upya."

Lakini zilibaki nyingine za njano, na hizo hazikutikisika.

"Sumaku haizitaki. Hii ni shaba."

"Na shaba iko wapi humo ndani?" Nahodha aliuliza, ingawa alijua.

Fundi alinigeukia mimi, kama vile mimi ndiye niliyeuliza. "Kwenye beringi, mama. Vile vikombe vinavyoukumbatia mtaimbo wa katikati unapozunguka. Vikilika, injini inajifunga, hata uwe katikati ya maji na watu thelathini."

Akaipasua filta kwa msumeno. Kwenye mikunjo ya karatasi, njano ile ile. Akajifuta jasho kwa kiwiko, akakaa chini.

"Kaka, jambo hili silielewi. Njano ni nyingi mno, na injini haikugonga, haikupata moto. Tutie oili mpya, tuiwashe hapa hapa kidogo, tuvute tena tutazame. Ikitoka njano ya pili, tunamwita muuzaji, na lakiri yake ipo."

"Tuiwashe ijitafune zaidi?"

"Kidogo tu."

"Nani aliifunga injini hii?"

"Mimi."

"Nani alitia oili ya kwanza?"

"Mimi, kaka."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi muuzaji akija atasema fundi wenu ndiye aliyeiua, na mimi nitakuwa sina la kumjibu. Ifungue sasa hivi, nione kwa macho yangu ulichofanya. Au unaogopa?"

Nikaingilia. "Baba, mdogo wako amesema mngoje. Kungoja kunakuuma nini?"

"Mama, mlee hivyo hivyo. Ndiyo maana mpaka leo, na mvi zimeanza kumtoka, bado anakaa uani kwako."

Fundi alisukuma beseni kando. Aliinuka, akachukua spana. Hasira hasara, nilisema, lakini hasira haina masikio. Lakiri ilitoa mlio mdogo, kama njugu inayovunjwa kwa jino.

Waliinua injini kwa mnyororo wakiwa wameuning'iniza kwenye magogo matatu, wakaitoa sampo, na Fundi akaanza kufungua beringi, akizipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wake, ya kwanza hapa, ya pili hapa. Alipotoa ya kwanza aliipangusa akampa kaka yake.

"Tafuta njano."

Nahodha akaigeuza. Akapitisha ukucha. Akaomba ya pili, akaomba ya tatu. Nami nilinyoosha mkono nikapewa moja, nikauona uso wangu humo, umefifia lakini ni wangu. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Fundi akageuka kulitazama beseni. Akaimwaga oili kwenye debe, akaliinamisha beseni juani. Pale ukingo wa bati ulipokunjwa, ule mkunjo usiofikiwa na kitambaa, kulikuwa na mstari wa njano umeshikana kama ukoko.

"Na filta nayo niliitumbukiza humo," alijisemea kwa sauti ndogo. Kisha akauliza kwa sauti kubwa, "Nani alishika beseni hili?"

Nahodha alikuwa akitazama majini.

"Mama, wewe hukuondoka hapa asubuhi yote. Nani?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Fundi alipokwenda kununua oili, Nahodha aliona propela imepata mapengo kwa kugonga mawe. Hakumngoja mwenzake, akachukua tupa akaanza kuisawazisha mwenyewe. Na kwa kuwa propela ni ya shaba, na Nahodha haachi shaba ianguke chini, alikinga beseni chini yake, akakusanya ule unga kwenye kopo la maziwa amuuzie mnunua vyuma. "Baba, hata vumbi?" nilimtania. Akasema vumbi la shaba si vumbi. Kisha akalipiga beseni kitakoni kama ngoma, akalirudisha chini ya meza.

Niliwatazama wote wawili. Wote nimewanyonyesha. Ningeweza kusema sikuona, ningeyasingizia vizuri tu macho yangu ya kizee. Lakini aliyekuwa anaitwa mharibifu alikuwa amesimama mbele yangu, mikono yake inadondoka oili.

"Kaka yako," nikasema. "Alikuwa anapiga tupa propela."

Nahodha aligeuka. "Beseni la nani?"

"Langu," Fundi alijibu.

"Fundi gani asiyeosha chombo chake?"

"Nililipangusa tu. Nilipaswa kuliosha, kweli, hilo ni kosa langu. Lakini kaka, nilipotandaza njano kwenye kitambaa nikakwambia ni shaba, hukukumbuka?"

Nahodha hakumjibu yeye. Alinijibu mimi. "Umechagua mwanao, mama. Haya."

Mpaka leo sijui alikumbuka wakati gani: kabla lakiri haijavunjwa, au baada. Ningemuuliza, kama angekuja.

Fundi aliifunga injini upya, boliti kwa boliti, ikawaka kwa jaribio la kwanza. Muuzaji alipofika hakushusha hata mkoba begani. Alichungulia pale chini akasema, "Hii sasa ni yenu." Nahodha akahamishia boti gati la pili, akatafuta fundi mwingine. Watu husema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Nimelima mpaka jembe limeisha makali. Hilo kapu sijaliona.

Boti bado hupita nyuma ya nyumba. Siku moja Fundi alisimamisha kazi, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Vali moja inagonga, mama. Inataka kurekebishwa kidogo tu, mapema. Mpelekee habari."

Nilimtuma mkwe wangu, mke wa Nahodha, ambaye bado hunipitia akitoka sokoni. Alirudi na jibu, analitoa huku anatazama ndala zake.

"Amesema injini ni yake. Masikio ni ya watu, wayazibe."

"Sawa, shemeji," Fundi alisema. "Ahsante kwa kwenda."

Siku hizi boti ikianza kusikika kwa mbali, Fundi huwasha mashine ya kunolea, hata kama hana cha kunoa.